Siku Baba Alipoisubiri Rejeta

Maji ya rejeta yana harufu tamu. Kama hujawahi kuisikia, ingia gereji yoyote ya Busia, usimame karibu na gari lililochemka. Ni utamu kama wa peremende iliyoachwa juani. Mimi nina pikapu tatu zinazobeba mukene, wale dagaa, kutoka ziwani. Sikurithi hata gurudumu moja, na shule niliishia darasa la tatu. Harufu hiyo ni ya kazi yangu. Lakini mpaka leo, fundi akifungua kifuniko cha rejeta, kwanza naangalia watoto wako wapi.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Tulikaa Lumino, upande wa Uganda, na baba alikuwa na pikapu moja kuukuu ya kubebea samaki. Ilikuwa inachemka kila kilima, maana aliyemsaidia kuendesha alikuwa akiijazia maji ya kinamasi. Jumamosi moja asubuhi baba aliiegesha uani, akangoja injini ipoe, akafungua kizibo cha chini. Maji yakatoka mekundu kama chai ya rangi, yamejaa kutu. Akaingiza maji safi ya kisima, akayatoa, akaingiza mengine, mpaka yakatoka meupe. Kando yake, ndani ya jagi la mama, alikuwa amemimina maji ya kijani ya rejeta aliyoyanunua upande wa Kenya. Yaling'aa kama soda.

Mdogo wangu Egesa alikuwa na miaka minne. Hakuna aliyemwona akinywa. Mama alimwona akipepesuka.

Sasa mjue, mama yangu alikuwa mlokole. Pombe hata kuitaja uani kwake hakutaka. Alimkamata Egesa, akamnusa mdomo, akapaza sauti mpaka majirani wakatoka nje: "Baba Egesa! Umempa mtoto malwa?"

Baba alicheka. Halafu akaliona jagi, na kicheko kikaishia hapo.

Mhudumu wa zahanati alikaa karibu nasi. Alikuja mbio, akanusa jagi, akamtazama Egesa machoni. "Hii sumu, mzee. Mpeleke Tororo, hospitali kubwa, sasa hivi. Mimi hapa sina kitu."

Gari lingine Lumino siku ile halikuwepo. Lori la mihogo lilikuwa limeondoka alfajiri. Lililobaki ni letu, boneti juu, kizibo chini, ndani hakuna hata tone la maji.

Baba alikaza kizibo, akaanza kumimina maji ya kisima. Polepole, kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye koroboi. Mama alikuwa ameshapanda, Egesa mapajani, kichwa kinalegea.

"Mwaga ndoo nzima, wewe!"

"Hewa itabaki ndani, Mama Egesa. Tutakwama hata Busia hatujafika."

Uani palijaa watu, kila mmoja daktari. Mmoja alitaka maziwa, mwingine alitaka mtoto aninginizwe miguu juu. Jirani yetu Ouma, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema, "Washa tu, bwana! Gari ni upepo, litapoa likikimbia!"

Baba aliwasha, lakini hakuondoka. Alirudi mbele, kifuniko kikiwa wazi, akasimama. Viputo vilipanda, maji yakashuka, akaongeza. Akaubinyabinya mpira wa juu unaopitisha maji kwa mkono, viputo vingine vikatoka. Akaongeza tena. Mama alilia kwa Kisamia maneno ambayo sitayaandika hapa. Mimi nilimshika baba shati nikalivuta, nikasema, "Baba, twende." Hakunitazama. Macho yake yalikuwa ndani ya lile tundu, na mkono wake juu ya mpira ukingoja joto lifike. Nilimchukia siku ile. Nasema wazi, nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Niliona mtu anayependa gari kuliko mtoto wake.

Viputo vikakoma. Akafunga kifuniko, na hapo ndipo nilipojua baba anaweza kukimbiza gari. Tulipita Busia honi haikatiki. Vilima vyote hadi Tororo pikapu ilivipanda bila kuchemka.

Daktari alipoambiwa mtoto amekunywa nini, alisema dawa yenyewe haipo, lakini pombe kali inaweza kuizuia ile sumu isimharibu figo, na yeye ndiye atakayeipima. Akataka waragi ya dukani, chupa iliyofungwa. Baba akageuka kwenda. Mama akamwambia, "Kaa na mtoto. Nakwenda mimi." Akaingia baa iliyo mkabala na lango la hospitali, kitambaa cha kanisa kichwani, mimi nyuma yake. Wanywaji wakapiga makofi. "Karibu, mama mchungaji! Leo wokovu umeisha?" Alichukua chupa, akawajibu, "Ombeni badala ya kucheka," akatoka.

Egesa alilala hospitalini siku kadhaa, na wauguzi walikuwa wakimpima mkojo bila kuchoka. Akapona. Leo ana wajukuu.

Siku ya kurudi nyumbani, katikati ya Tororo na Busia, mahali tambarare, baba alisimamisha gari. Akashuka, akainua boneti, akabaki huko nyuma yake. Tulikaa, tukakaa. Nikafikiri imechemka. Nikataka kushuka, mama akanizuia. "Muache baba yako."

Nilichomoka upande wa pili nikachungulia. Rejeta ilikuwa kimya, hakuna mvuke, hakuna kinachovuja. Baba alikuwa ameegemea injini kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka, machozi yanadondokea kwenye vyuma. Nilirudi kwenye kiti nikamwambia mama gari ni zima, sijui baba anatengeneza nini. Mama alinisogeza nikae karibu naye, tukangoja mpaka amalize.