Nimero Moja kwa Ordinatere Mbili

Ting! Mpaka leo ile sauti naisikia vizuri, ting, kama kijiko chenye kugonga kikombe, na kila mara ilipolia nilifunga tu kale kadirisha kalikokuwa kanatokea kwenye ekra, kile kioo cha kompyuta, bila kukasoma (kalikuwa kameandikwa Kifaransa kirefu, na Kifaransa changu kiliishia mwaka wa pili wa segondere), kumbe kalikuwa kananionya, na kama ningesoma hata mustari moja, watu wa toka Nyabiondo mpaka Pinga wasingenicheka vile walinicheka. Nilipata aibu, wapenzi, aibu ya kutaka kuingia chini ya meza na kubaki huko. Lakini leo nikiwaza zile siku nacheka mwenyewe, tena nazitamani.

Nilikuwa napokea matangazo kwenye karadio ketu ka Nyabiondo, nyumba ya mbao ya vyumba viwili, yenye mabati ya kupiga kelele mvua ikinyesha mpaka tunaacha kurekodi na kuchoma mahindi. Kaka Justin njo alikuwa mutekinisia, njo mutangazaji, njo mwenye kuwasha jenereta. Ordinatere, ni kusema kompyuta, zilikuwa mbili zenye kuungana kwa kamba ya waya: moja ya chumba changu, yenye tulirekodia watu, na moja ya studio, yenye ilivuta yale matangazo toka kwangu na kuyatoa hewani.

Asubui ile Kaka Justin akaniletea ordinatere ya tatu, nzee, ya kujifunzia, akasema ningojee, atakuya kuipatia nimero yake, ile yenye zingine zinaiitia. Mimi kungojea? Nikafungua ile yangu ya kazi, nikaona nimero yake, nikaiandika vilevile kwenye ile nzee, na dosiye ya kuwekea sauti pia nikaiita jina lile lile, juu niliwaza: kama nimero hii inatembea hapa, itakosa kutembea pale? Na musinione mujinga bure. Kwetu simu ni moja, nimero moja, nyumba nzima. Ukimutafuta mama, shangazi ao mimi, mwenye iko karibu anaitika na anaenda kuita mwingine, na hatujawahi kupotezana. Nikachomeka kamba. Ting! Nikafunga kadirisha.

Halafu (hapa njo municheke) nikajirekodi, kwa sauti ya pua, kama mutangazaji mukubwa wa Kinshasa: "Ni mimi Divine, sauti tamu ya Kivu yote! Na mwanaume mwenye atanioa, alete ng'ombe kumi, na asiwe wa kukoroma!" Nikaiita "saa sita", sawa tangazo la kweli.

Sijamaliza kujicheka, Papa Gratien, mufugaji wa pale kwetu, akaingia na bidoni yake ya maziwa. Mutoto wake Eric walikuwa wamegombana naye, mutoto akaenda kuchimba zahabu kule Omate, hata salamu hakutuma tena. Sasa dada yake anaolewa, na Papa amesikia kama Eric iko Pinga, lakini nyuma ya saa sita anapanda moto, ile pikipiki ya kubeba watu, kurudi Omate, na huko radio yetu haifike.

"Justin asinisomee," akaniambia. "Eric atasema ni wajomba wamenitungia. Asikie sauti yangu."

Nikamurekodi kwenye ordinatere ya kazi. Alisema maneno machache tu: "Eric, dada yako anaolewa. Baba hana kasirani tena. Kuya, mutoto wangu." Nikapangusa macho, nikaiita "saa sita", naye akarudi kwa ng'ombe zake mbio, akasikilize na mama ya Eric nyumbani.

Saa sita ikafika. Kaka Justin akasema kwa heshima yote: "Sasa musikilize muzazi mwenye iko anaita mutoto wake." Akabonyeza.

"Ni mimi Divine, sauti tamu ya Kivu yote!"

Inje, sokoni, nikasikia kicheko kimoja, halafu kumi, halafu soko nzima. Kaka Justin akakata, akaomba musamaha, akabonyeza tena. Ng'ombe kumi! Asiwe wa kukoroma!

"Divine! Njo nini hii?"

Nikakimbia nikang'oa kamba ya ile nzee. Akabonyeza tena: hakuna kitu. Kimya. Akaweka miziki, akakuya chumbani na jasho, nikamuambia ile mambo ya nimero, huku nalia.

"Mama yangu weee! Hii haiko simu ya kwenu! Ya studio ikitaka tangazo inaita: nani iko na nimero hii? Mbili zinaitika pamoja, inafuata ile ya uongo!"

"Lakini nimeshaing'oa, kaka."

"Iko inakumbuka ile iliitika. Inagonga mulango ya mwenye amehama!"

Basi tukazima ile ya studio ili isahau, tukaiwasha upya, na ordinatere yetu ilikuwa inaamuka kama muzee mwenye baridi, na mimi nawaza Eric anapanda moto, na wazee wawili wako wameinamia radio. Miziki ya kwanza ikaisha kwenye simu ya Kaka Justin, akaweka ya pili. Halafu akabonyeza, na ile sauti ikatoka, polepole: "Eric, dada yako anaolewa..."

Eric alifika arusini. Alikuwa ameshakaa juu ya moto, akatuambia, watu wakamuita: kuya usikie huyu binti wa wazimu! Akashuka acheke kidogo. Akabaki amesimama pale, kofia mukononi, wakati baba yake alisema. Tangu siku ile naitwa Mama Ng'ombe Kumi, na bado hakuna mwenye ameleta hata ndama.

Sasa Kaka Justin iko Goma, na ordinatere za leo zinajipatia nimero zenyewe. Mimi sitaandika tena nimero moja mara mbili, hata kwa haraka namna gani. Siku ya arusi, wote walipoenda kucheza, nilibaki chumbani peke yangu, nikabandika sparadra, ile plasta ya vidonda, juu ya kila ordinatere, nikaandika nimero ya kila moja kwa bic, nikapuliza wino ikauke.