Kisu cha Kukunja na Mkono wa Kukamua

Mume wangu alikuwa mkamuaji. Sisemi alijua kukamua, maana hata mimi najua. Nasema hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kama vile mwingine alivyo fundi cherehani. Aliifanya kwa mzungu mmoja mwenye shamba nje ya Eldoret tangu kabla hatujaoana, na ng'ombe waliompiga mateke kila mtu walisimama kimya akiwagusa yeye. Alikuwa na vidole virefu, vikavu, visivyo na haraka. Nilimpendea vidole hivyo, na sioni haya kusema.

Uhuru ulipokuja, mzungu aliuza shamba akaenda zake. Siku ya kuondoka aliwaita wafanyakazi wake mbele ya nyumba akampa kila mmoja kitu cha kumkumbuka. Mpishi alipata sufuria kubwa. Mume wangu, aliyeamka gizani miaka yote hiyo kumkamulia, alipata kisu cha kukunja. Kilikuwa na mpini wa pembe nyeusi, na mzungu alimwambia kwamba chuma chake hakina kifani. Mimi nilingoja kusikia kama kuna kingine, labda ndama, labda hata ndoo. Hakikuwepo. Nilirudi jikoni nimekasirika, yeye akarudi ameshika mfuko wa suruali kama mtu aliyebeba yai.

Sisi tuliotoka sehemu za kati za nchi tulichanga tukalinunua shamba lile kwa pamoja, na wakati tukingoja wapimaji waje kutugawia vipande vyetu, yeye alinunua ng'ombe mmoja katika wale wa mzungu. Alimchagua mwenyewe, wa rangi nyekundu, mwenye kiwele kikubwa na hasira fupi. Chumvi, sukari, nguo za watoto, vyote vilitoka kwa ng'ombe huyo na mikono ile miwili. Mahindi yalikuwa hayajawahi kutupa kitu.

Sasa niseme juu ya kisu. Sisi watu wa jembe tumelelewa na panga. Panga chuma chake ni laini. Ukipiga jiwe, makali yanajikunja, unayagonga yananyooka, unanoa, kazi inaendelea. Kwa panga tulichimba, tuling'oa misumari, tulipasua kuni, na halikulalamika. Mume wangu alikichukua kisu cha mzungu kama panga dogo, tena panga lenye nguvu kupita yote kwa kuwa limetoka Ulaya. Kumbe chuma kinachokaa na makali muda mrefu kina tabia nyingine. Kinapenda kukata tu. Ukikitia mahali ukakisukuma upande, hakiinami, kinakatika.

Kilikatika kwenye ua wa waya. Siku hizo kila mtu alikuwa aking'oa waya wa mzungu ili azungushie kipande atakachopewa, na hakuna aliyejiuliza ua ule ulikuwa unazuia nini. Mume wangu alikuwa aking'oa misumari kwenye nguzo kwa ncha ya kisu, nikasikia mlio mdogo, tik, na ncha haipo. Aliketi kwenye jiwe jioni nzima akichonga ncha mpya. Ikatoka fupi, nene, butu kama mdomo wa bata.

Jirani yetu ng'ambo ya kijito, mzee mwenyeji wa Uasin Gishu aliyefanya kazi naye kwenye boma la mzungu, alikuja akamkuta anapasua vijiti vya kuwashia moto, ameweka kisu juu ya kijiti na kukipiga mgongoni kwa gogo.

"Hiyo kisu ni ya kukata nyama, si ya kugongwa," alisema. "Angalia, spiringi imelegea. Siku moja itajifunga na mkono yako ndani."

"Mzee, hii ni chuma ya mzungu," mume wangu alimjibu akicheka.

"Mzungu alikuwa anagonga nayo?"

Nilicheka mimi. Mume wangu alikifuta kwenye suruali akakirudisha mfukoni. Kweli kilikuwa kimelegea, kilitikisika kwenye pini yake hata ukikishika tu.

Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tukamkuta ng'ombe ameingia kwenye majani laini ambayo mzungu alikuwa ameyapanda na kuyazungushia ule ua. Wakati wake ng'ombe hawakuruhusiwa kula pale majani yakiwa na maji, kwa sababu tumbo hujaa hewa. Ua tulikuwa tumeung'oa kwa mikono yetu. Alikuwa amesimama ametoa ulimi, ubavu wa kushoto umefura ukapanda juu kuliko mgongo.

Mume wangu alijua la kufanya. Alikuwa amemwona mzungu akidunga ubavu kwa chuma kinene chenye mrija, hewa ikatoka na ng'ombe akapona. Chuma hicho mzungu alikwenda nacho. Panga letu halina ncha.

"Baba watoto, nikimbie kwa Mzee," nilimwambia. "Yeye ako na kisu nzuri."

"Ataanguka saa hii. Shika kichwa, mama. Shika kabisa!"

Nilishika pembe. Alikunjua kisu, akapapasa ubavu, akadunga. Ngozi ilibonyea tu, ile ncha nene haikupenya. Akavuta pumzi, akadunga tena kwa uzito wake wote. Chuma hakikuingia. Kiligeuka kwenye pini, kikajifunga kwa nguvu zake mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa ndani.

Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Jirani alisikia akavuka kijito mbio, na kisu chake mkononi, kile cha kienyeji ambacho chuma chake kinapita ndani ya mti mpaka mwisho wa mpini. Alidunga mara moja. Hewa ilitoka ikinuka, ng'ombe akatikisa kichwa, akakohoa. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye matope, ameubana mkono wa kulia kifuani.

"Amepona?" aliuliza. Alimaanisha ng'ombe.

Nilimfunga kwa leso yangu, tukampandisha trekta ya shamba, na barabara ya kwenda mjini ilikuwa tope tupu. Hospitalini walishona vizuri, sina la kuwalaumu. Lakini daktari alituambia kwamba kano zilikuwa zimekatwa. Vidole vilibaki mahali pake, isipokuwa viwili vya katikati havikukubali tena kufunga wala kukaza.

Nikawa mimi mkamuaji. Mikono yangu ni ya jembe, na ng'ombe alilijua hilo siku ya kwanza. Alikataa kuachia maziwa. Basi mume wangu alisimama mbele yake akimsemesha kwa lugha ya kwetu, na mimi nikakamua haraka haraka kabla hajagundua ni nani aliye chini. Maziwa yalipungua kila wiki. Yale yaliyobaki kiweleni yakamletea ugonjwa, chuchu moja ikawa ngumu, kisha nyingine.

Alasiri moja nilitoka shambani nikamkuta mume wangu bomani peke yake, ameketi kwenye kigoda chake cha zamani. Alikuwa akijaribu. Mkono wa kushoto ulikuwa ukivuta, wa kulia ukiteleza tu kwenye chuchu. Ndoo ilikuwa kavu. Ng'ombe yule wa hasira alikuwa amesimama wima, hapigi teke, hatikisi hata mkia.

"Unaona?" aliniambia bila kugeuka. "Hata yeye ananihurumia."

Niliiondoa ile ndoo kavu, nikatamani mzungu arudi dakika moja tu, nimwambie kitu kwa Kiswahili ambacho angekielewa.

Mwezi huohuo tulimuuza ng'ombe kwa mwenye bucha. Hakutoa maziwa tena na hatukuweza kumlisha bure. Mume wangu alikataa mtu mwingine amshike. Alimwongoza mwenyewe mpaka barabarani, kamba ameizungusha kwenye kiwiko kwa sababu vidole havikuweza kuifumbata, na ng'ombe akamfuata bila kuvutwa.