Siku Mama Alipotunza Hotuba

Mtu mashuhuri hafiki Kaole hivi hivi tu. Yule mwimbaji wa taarabu tuliyezoea kumwona kwenye televisheni, ambaye siku hizi anazunguka nchi kuhutubia kuhusu haki za raia, alitangazwa na gari lenye spika wiki nzima. Majirani walishona nguo. Mimi nilijiuliza nani kamleta, na anataka nini kwetu.

Sababu ya kushuku nilikuwa nayo. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, alikuwa kwenye kamati ya mapokezi, na huyo huyo alikuwa akitafuta mnunuzi wa shamba letu la minazi kule ufukweni. Shamba lenyewe mama alilirithi kwa baba yake mzazi. Lakini baba alipofariki, baba mkubwa alitangaza kwamba mali ya mke ni ya ukoo wa mume, na tangu hapo mama hakuangua hata dafu moja. Kwa hiyo siku yenyewe, nilipomwona baba mkubwa akimfutia mgeni kiti kwa leso yake, nilisema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Wametuletea mwimbaji wa kutubembeleza tulale, wao wauze.

Aliimba wimbo mmoja, akaomba kinanda kinyamaze, akaanza kuhutubia. Alisema raia ni raia, awe na kanzu au awe na kanga. Maneno matamu, nami sikuyaamini, maana aliyezoea jukwaa anajua kupanga sauti hata akidanganya. Kisha akasema, "Alichoachiwa mwanamke na baba yake ni chake, mume awe hai, mume awe kaburini."

Mama akasimama.

Kwenye taarabu kila mtu anajua maana yake. Ubeti ukikugusa, unainuka kwenda kumtunza mwimbaji noti, na njiani unapita kwa madaha mbele ya mbaya wako ili watu wajue anayesemwa ni nani. Lakini hotuba haitunzwi, sijapata kuona. Mama alifungua pindo la kanga, akatoa noti, akaenda akiyumbisha mabega mpaka meza kuu. Akaipunga usoni kwa baba mkubwa, ndipo akampa mgeni. Mpiga kinanda, kwa mazoea, akagonga. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa, aliyesemwa akibaki kwenye kiti, amekubali kwamba ni yeye. Baba mkubwa analijua hilo. Akainuka naye akitabasamu, na noti kubwa kuliko ya mama. Mgeni aliipokea, ila mkono wake hakuuachia.

"Ahsante, kaka yangu. Umenitunza kwa neno lipi?"

"Kwa hayo maneno yako mazuri."

"Lipi hasa? Wa nyuma hawajasikia." Akamsogezea kipaza sauti.

Baba mkubwa akakiinamia. "Hilo la mwanamke na alichoachiwa na baba yake."

"Ni chake?"

"Ni chake," akasema, na kiwanja kizima kikasikia.

Nikapata mtu mpya wa kumshuku, naye ni mama. Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza walikutana wapi na yule mwimbaji wakapanga. Aliniambia mimi nikipewa maji ya kunywa nitauliza kisima kakichimba nani. Zaidi ya hapo sikupata jibu, na mpaka leo sina hakika.

Ijumaa, baada ya sala, baba mkubwa alikuja kwetu. Habari zilikuwa zimemfikia mnunuzi, naye sasa hataki kutoa kitu bila mama kukubali. Akamwomba mama amweleze mwenyekiti wa kijiji kwamba yale yalikuwa mambo ya ngoma tu, mtu hashikwi kwa neno la kwenye ngoma.

"Shemeji," mama alisema huku akimmiminia chai, "tunzo hairudi."

Baba mkubwa akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu, mtu mwenye akili zako. Ulisikia nini pale?"

Nikamwambia, baba mkubwa, nilisikia kila neno, na ndiyo mara pekee niliyowahi kukuamini.