Wakala wa Mahari

Kati ya mahali na mahari kuna herufi moja tu, na hapa Kigali herufi hiyo haina mwenyewe. Wengi wamelelewa na Kinyarwanda, na Kinyarwanda hakijali umesema L au R. Watu wananunua mchere, wanapika wari, wanashiba, na hakuna anayekufa. Mimi nilikufa kidogo.

Mwanamume mwenyewe alikuwa mpiga picha za safari, mtu wa Kibagabaga, Mwislamu wa Idi kwa Idi. Alipiga vilima, ukungu, mashamba ya chai, vitu ambavyo kila mtalii mwenye simu anarudi navyo kwao. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama yangu Biryogo, mtaa wa Waswahili wa hapa, baada ya talaka, nashona nguo mlangoni. Nilisomea Tanzania kwa mama mkubwa, kwa hiyo Kiingereza nakisoma na Kiswahili changu hakina kwikwi. Akaja siku moja nimshonee mfuko wa kamera. Akaja tena, na mfuko ulikuwa mzima kabisa. Nilimpenda, wala sioni haya kusema.

Wakati huo alikuwa anatafuta wakala, yaani moja ya zile kampuni zinazokusanya picha za watu na kuwauzia wenye magazeti, mahoteli na watengeneza kalenda. Tulikuwa tunakaa kwenye mgahawa mmoja Remera, kompyuta mbele yetu, mimi nasoma masharti na kumfafanulia, yeye anakunywa chai yangu. Kampuni ya kwanza ilipokea chochote. Picha yako inatupwa gunia moja na za dunia nzima, na ukiuliza swali unajibiwa na mashine. Ya pili ilitaka iwe peke yake: ukishawapa picha huruhusiwi kumpa mwingine, hata shangazi yako akiiomba kwa kalenda ya msikiti. Nikamwambia achukue ya pili, kwa sababu angalau wanaangalia unachowaletea. Walikuwa wamemrudishia vilima vyake vyote wakasema hawana haja na mandhari tupu, wanataka mahali na watu wake, nyuso zenye hisia. Na mzungu wao mmoja, mwanamke anayesimamia wapiga picha wa pande hizi, alikuwa anakuja Kigali kumpima mwenyewe kabla ya kumkubali.

Akanuna. Alisema watu ni usumbufu, kilima hakikuulizi picha inakwenda wapi. Nikambembeleza hadi akakubali. Na mimi, mjinga mkubwa, nikafurahi. Nilijiambia kwamba mwanamume anayekubali kufungwa na kampuni moja hatashindwa kufungwa na mwanamke mmoja.

Ndipo akaja nyumbani kuomba ruhusa kwa mama. Mimi nilikuwa jikoni na chai, sikusikia neno. Angeweza kusema Kinyarwanda yakaisha, lakini akifika Biryogo alikuwa lazima atuonyeshe Kiswahili chake. Alipoondoka, mama akanishika mkono.

“Amesema anatafuta wakala wa kumwakilisha,” aliniambia. “Mambo ya mahari. Anamleta Jumamosi.”

Alichosema ni picha za mahali, na mama neno picha hakulisikia kabisa. Nilipaswa kujua, nani aliyajua mambo ya wakala kuliko mimi? Lakini mwanamke aliyeachwa, anayepita kila asubuhi mbele ya majirani wanaojidai kujua kwa nini aliachwa, akiletewa neno mahari nyumbani kwao hakagui herufi. Na kwa mama, mtu anayekuwakilisha kwenye mahari ni mshenga, basi. Nilimpigia simu nimuulize. Alikuwa milimani na watalii, sauti inakatika, nikasikia tu kwamba ndiyo, Jumamosi, mama avae vizuri. Wallahi, hata wewe ungepika pilau.

Kampuni ilimkubali, nikwambie mapema usije ukakaa ukisubiri.

Jumamosi baba mdogo alikuja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mjomba alikuja mapema kwa ajili ya chakula. Majirani walikuja kuhakikisha kwa macho yao, hasa wale waliokuwa wakiniita kiporo. Mama alivaa kitenge nilichomshonea na mtandio mpya, akawa anapita katikati yao bila haraka, na sijawahi kumwona amenyooka vile. Kisha akaingia yeye, kamera shingoni, na mzungu nyuma yake. Baba mdogo akaninong'oneza kwamba siku hizi hata washenga wanaagizwa Ulaya.

Wakakaribishwa, wakakalishwa. Baba mdogo akasimama, akaisifu familia yetu, akanisifu mimi kwa mambo ambayo sikuwahi kuyafanya, kisha akawaomba wageni waseme wamekuja na neno gani juu ya mahari. Mzungu alikuwa anatabasamu tu. Mpiga picha alibadilika rangi.

“Si mahari,” alisema. “Mimi nirisema mahari.”

Baba mdogo akamjibu kwa upole kwamba ndiyo, mahari, wanamsikia.

“Hapana, baba. Mahari. Picha za mahari.”

Kila alipojaribu, ulimi ulimrudisha palepale. Jirani mmoja akacheka, wengine wakamfuata. Neno la Kinyarwanda, ahantu, lilikuwa kinywani mwake tangu utoto, na hakulikumbuka. Akaniangalia mimi nimsemee, kama nilivyomsemea kwenye masharti yote yale. Nilikuwa nimeshaelewa. Nilitamani nikae kimya, wamwoze kwa nguvu, liwalo na liwe. Lakini mama naye alikuwa ananiangalia.

“Mahali, baba mdogo,” nikasema. “Anataka kupiga picha mahali hapa.”

Kicheko kikakatika. Mjomba akatazama upande wa jikoni. Machozi yakaanza kumtoka mama hapo alipokuwa ameketi, mbele ya watu wote aliowaalika. Mzungu akauliza kuna nini, akaelezwa kwa Kiingereza, akashika kifua kwa huruma. Kisha akamgusa mpiga picha begani na kumwonyesha uso wa mama, na akasema taratibu kwamba hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta. Kamera ikapanda.

“Mwambie mama asijifute kwanza,” mpiga picha aliniambia, jicho kwenye kamera.

Sikumwambia. Nilimtukana tusi ambalo siwezi kuliandika. Lakini mama alikuwa ameshamsikia mwenyewe. Alikuwa ameinua ncha ya mtandio mpaka shavuni, akaishusha, akaweka mikono mapajani. Akakaa wima, machozi yanashuka, akamtazama mpiga picha mpaka alipomaliza, kwa sababu yule alikuwa mgeni wake na alikuwa hajala.