Mlezi wa Walimu na Mzee wa Darasa la Tano

Walimu walimwita mlezi wao mpya Mpelelezi. Jina lenyewe alilisikia siku ya tatu kazini, akipita nje ya chumba chao. Hakukasirika. Alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na tisa kabla ya kupewa kazi hii ya kuwalea walimu wenzake, na zamani yeye pia aliwaogopa wanaokaa nyuma ya darasa na daftari magotini.

Aliyemwia mgumu zaidi alikuwa mwalimu wa darasa la tano, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu. Kila mama huyu alipoingia, mzee alifundisha somo lile lile la pembetatu, na wanafunzi wakajibu kabla hajamaliza kuuliza.

"Somo zuri, Mwalimu," alimwambia mara ya tatu. "Hata mimi sasa nimelikariri."

Mzee akacheka puani. "Si umekuja kutafuta kasoro? Zitafute."

Nyumbani akamsimulia mumewe, fundi cherehani. Mume hakuinua macho kwenye mshono. "Nani atavua shati mbele ya mtu aliyefunga vifungo vyote?"

Kesho yake mama akamkabidhi mzee daftari, akafundisha mwenyewe. Somo la sehemu likamwendea mrama. Aliuliza nusu ya robo ni ngapi, darasa likaitikia kwa sauti moja: robo tatu! Alichora, akakata karatasi, kengele ikalia bado wako pale pale. Mzee alikuwa amejaza kurasa mbili.

"Unaharakisha, binti yangu. Mtoto hajameza, unampa tonge jingine."

Ilikuwa kweli, naye akakiri. Tangu hapo mzee akamruhusu kuona masomo yenyewe, yasiyofanyiwa mazoezi. Wiki ya pili akagundua jambo: watoto wa upande mmoja waliita "Mwalimu! Mwalimu!" mpaka wakachoka, mzee hageuki. Akangoja darasa litoke, akasimama kushotoni kwake na kumsemesha taratibu. Mzee aliendelea kufuta ubao. Mama akazunguka kulia.

"Mwalimu, sikio la kushoto limekataa?"

Kifutio kikasimama. "Tangu mwaka jana. Ukiliandika hilo, wataniondoa kabla ya siku zangu."

"Daftari langu ni la hesabu, si la hospitali. Lakini mwalimu mkuu umwambie mwenyewe."

Jioni hiyo wawili hao wakasukuma madawati. Meza ya mzee waliiegemeza kwenye ukuta wa kushoto kwake, darasa zima likawa kuliani. Wasichana wawili wa upande ule, waliodhaniwa wazito wa kuelewa, wakaanza kujibu, mmoja wao hata akawazidi wenzake.

Mzee alichukua mwezi mzima kupata ujasiri wa kuingia kwa mwalimu mkuu. Hakuondolewa, alipelekwa kupimwa, akapewa kifaa cha sikioni. Alikivaa asubuhi tu. Kelele za mchana, alisema, alishazisikia za kutosha.