Makande Laini

Kibati cha pili kilibanduka siku ya tisa baada ya kutoka kwa daktari, nikiwa natafuna makande, wala hakikuniuma. Nilisikia tu kitu kidogo kikicheza kwenye waya, pale kwenye jino la juu la mbele. Nikaacha sahani, nikaingia chumbani, nikajifungia, nikajitazama kwenye kioo. Kilikuwa kinazunguka kwenye waya kila nikikigusa kwa ulimi. Nililia nikiwa nimesimama vilevile, mate ya makande bado mdomoni.

Niseme kwa nini nililia kama mfiwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, na meno yangu ya juu yalikuwa yametangulia mbele kiasi kwamba midomo haikufunga. Nilicheka kwa kuziba mdomo na kiganja. Nilipoambiwa nisome kwa sauti darasani, niliinamia kitabu mpaka mwalimu akachoka kunisema. Baba mdogo, anayeendesha watalii kule Kreta, hifadhini, ndiye aliyejitolea nifungwe waya Arusha, na alisema wazi kwamba jambo hilo atalifanya mara moja tu. Daktari alinigundishia vibati vya chuma, kimoja kila jino, kisha akapitisha waya juu yake. Tatizo ni kwamba meno ya watu wengi wa huku kwetu yana madoa ya kahawia, na gamba lake la nje ni bovu. Ni maji yetu, daktari alisema, na gundi haishiki vizuri juu ya meno ya namna hiyo. Kibati kimoja kilikuwa kimeshabanduka mwezi wa kwanza. Alipokirudisha aliniambia vikifika vitatu atavua vyote, maana kubandika na kubandua kunamaliza jino.

Sasa vilikuwa viwili. Daktari mwenyewe alikuwa anakuja Arusha kila baada ya wiki sita, kwa hiyo zilibaki siku thelathini na tatu. Kibati kimoja zaidi, basi, na mdomo wangu ungebaki wazi maisha yangu yote.

Nilitoka chumbani nikamvamia Mama. Nilimwambia anapika kokoto. Nilimwambia mambo mengine pia, kwamba meno haya nimeyatoa ukoo wake, kwamba yeye hajali kwa sababu si yeye anayeitwa Seng'enge shuleni. Mama alikuwa anamlisha mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka miwili na kidogo. Alimfuta mtoto mdomo, akaondoa vyombo.

Siku ya mnada alirudi na mfuko wa magadi. Ni yale mawe ya kijivu yanayotoka upande wa ziwa Eyasi, akina mama wa Baray wanayauza kwa kopo. Kwetu hakuna anayepika maharage bila kutupia kipande, yawahi kuiva. Lakini Mama sasa hakutupia kipande, alitia bonge. Mahindi yalipasuka, maharage yakayeyuka, makande yakawa uji mzito wa rangi ya udongo ambao hata bibi asiye na jino angeumeza. Alinipakulia wa kwanza, akasimama kuniangalia.

"Yanapita?"

"Yanapita."

"Kula basi. Kuanzia leo ni hivi mpaka ukamwone daktari."

Akapika hivyo siku zote zilizobaki. Nyumba yetu ina sufuria moja kubwa, hakuna mtu wa kupikiwa peke yake, kwa hiyo wote walikula chakula cha meno yangu. Baba alinung'unika kwamba anapewa chakula cha mgonjwa. Mdogo wangu ndiye aliyefurahi. Alikuwa msumbufu wa kula, na sasa akawa anamaliza bakuli na kudai mchuzi wa chini, Mama anampa kwenye kikombe.

Mimi niliishi roho mkononi. Kila nilipokula nilisukutua kwa maji ya chumvi, nikapitisha kibrashi chembamba chini ya waya, jino kwa jino, halafu nikabonyeza kila kibati kwa ncha ya kidole kuhakikisha kipo. Pengine kubonyeza huko ndiko kungevibandua, lakini sikuweza kujizuia. Nta niliyopewa hospitali ya kufunika ncha ya waya iliisha wiki ya pili, na shavu likachubuka mpaka likatunga usaha. Mama akanitafutia nta ya nyuki kwa muuza asali, nikawa nabandika donge lenye harufu ya moshi. Sikugusa muwa, mahindi ya kuchoma wala mfupa. Kwenye kipaimara cha binamu yangu nilikataa nyama mbele ya wageni, na shangazi hakunisemesha mpaka Krismasi. Nililala chali. Nilipiga chafya nimeshika mdomo. Kanisani wenzangu waliombea mvua na wagonjwa, mimi nilimwomba Mungu anishikilie kibati.

Siku ya miadi ilipofika, vyote vilikuwepo isipokuwa kile kimoja. Mama alikwenda nami akiwa na mdogo wangu mgongoni. Daktari alinifungua mdomo, akavihesabu kwa ncha ya chuma chake, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Hongera. Sikutegemea. Umekula nini siku zote hizi?"

Nilikuwa nimeachama, kwa hiyo Mama ndiye aliyejibu, na sijawahi kumwona akijivuna kwa daktari kama siku ile. "Makande, daktari. Nayalainisha mwenyewe kwa magadi mengi, hata halazimiki kutafuna."

Daktari akaweka chuma chini. Alimtazama mtoto, aliyekuwa ameshashuka na anachezea gurudumu la kiti.

"Na huyu anakula hayohayo?"

"Huyu ndiye mlaji hasa," Mama alisema.

Daktari hakupandisha sauti. Alieleza taratibu kwamba kinachotia meno yetu madoa na kuyafanya mabovu kimo kwenye maji, na kwenye mawe yale kimo pia, tena kwa wingi. Meno yangu mimi yalishajengwa, hayawezi kuharibika zaidi kwa njia hiyo. Lakini meno ya ukubwani ya mtoto wa miaka miwili yanajengwa wakati huu huu, ndani ya ufizi, na anachokula kinaingia humo. Ni mapema kusema yameharibika, alisema. Yataonekana yatakapoota.

Mama akamvuta mtoto karibu yake. "Na huyu mkubwa nilimwachisha ziwa kwa chakula cha magadi hayohayo," alisema.

Daktari akasema wengi hufanya hivyo, akachukua gundi. Alikibandika kibati changu, akakimulika kwa ile taa ya buluu, na niseme ukweli ulivyo: nilifurahi. Mama yangu amesimama pale anamwangalia mtoto wake, na mimi nilikuwa nasikia furaha mpaka miguuni kwa sababu kibati kimerudi. Aibu ilinijia baadaye, nyumbani, alipomwaga magadi yote kwenye shimo la takataka na kuanza kupika upya. Maharage yalichemka mchana kutwa na bado yalikuwa magumu. Mdogo wangu aliyatema, akalilia ya jana. Nilimpondea kwa mwiko, akakataa, nikapondaponda tena, akalala na njaa.

Waya nilivuliwa mwaka uliofuata. Meno yamenyooka, midomo inafunga, nimesimama mbele ya watu na kusema bila kuinamia chochote. Siku nyingine najitazama kwenye kioo cha dukani na kusahau kabisa. Kisha namkumbuka mtoto na kikombe chake cha mchuzi, na siwezi hata kumwambia Mama samahani, kwa sababu nikisema nitakuwa nimemkumbusha.

Mdogo wangu sasa anakaribia miaka sita. Juzi alikuja kuniita, kaachama, anasukuma jino la chini la mbele kwa ulimi. Ni jino la utoto, jeupe pe, na linatikisika sana. Alitaka nilivute. Watoto wote anaocheza nao wameshang'oa, yeye bado.

Nikalishika. Lingetoka kwa kuvuta mara moja. Niliona kwenye ufizi, nyuma yake, kwamba jingine limeanza kusukuma, ngozi imevimba, ila halijatoboa, rangi yake bado haijaonekana.

"Bado," nilimwambia. "Halijalegea vizuri."

"Limelegea."

"Tusubiri kidogo."

Akamgeukia Mama aamue. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage, na alikuwa ameliona jino lile tangu asubuhi.

"Msikilize dada yako," alisema, akaendelea kuchambua.