Jua Ndani ya Kisima

Jirani yangu anajenga, na asubuhi hii fundi amemwagia maji rundo la mchanga. Harufu ile iliingia dirishani, nikaiacha chai ipoe.

Kisima chetu cha Lodwar kilichimbwa katika mchanga wa laga, ule mto unaokauka mvua ikiisha. Kilikuwa kirefu, hata aliyeshuka alipotelea gizani. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, mbuzi walilia kwa kiu, lakini mama hakushuka. Alisikia kitu kikijongea majini, na shangazi aliwahi kuumwa na nyoka mahali kama pale.

Nilikuwa nimetoka shule na kipande cha kioo mfukoni. Mwalimu alikuwa ametuonyesha jinsi mwanga unavyogonga kioo ukarudi, nasi tukashinda tukichomana macho. Nilikielekeza kwenye jua, nikainamisha mkono polepole. Doa la mwanga likateremka ukutani mwa kisima hadi chini. Chura mmoja alikuwa amekaa majini, akitutazama kama mwenye nyumba aliyeamshwa.

Mama alicheka mpaka shanga za shingoni zikalia. "Basi nimulikie," akasema, akashuka na bakuli lake la mti.

Jua lilikuwa likishuka pia, kwa hiyo ilinibidi kukigeuza kioo kila mara. Mara mwanga ukampata usoni, nikaona jasho, nikaona shanga, nikaona meno yake.

"Kisogeze kidogo," alisema akiwa amefumba macho. "Jua lako linanichoma."

Nilikisogeza kidogo, ila si sana.